Ugomvi Ufanyiwe Kazi, Usifunikwe

Watu wengi wakiona wenzao wawili wamenuniana, hamu yao ya kwanza ni amani irudi upesi. Wahusika wanaitwa, wanakumbushwa kwamba wao ni watu wazima, wanapeana mikono, kisha kila mmoja anaondoka na donge lake moyoni. Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimesimamia wodi ya upasuaji, mahali ambapo watu wenye vyeo tofauti, wengi wao wakiwa wamechoka, hawana budi kutegemeana usiku na mchana. Nimesuluhisha ugomvi wa kila aina mle wodini, na mwingine ndani ya ukoo wetu, na ninaamini jambo moja kuliko mengine yote: ugomvi hubeba habari. Unaeleza kwamba kuna kazi isiyo na mwenyewe, kwamba ratiba inamwelemea mtu, kwamba watu wawili walipewa ahadi ambazo haziwezi kutimizwa pamoja. Ukiuzima kabla hujaisikia habari hiyo, chanzo kinabaki palepale, na baada ya wiki chache utawakuta watu walewale, au wengine kabisa, wakigombania jambo lilelile.

Ninayoeleza hapa ni namna ninavyoufanyia kazi. Yanawafaa mke na mume, ndugu wanaogawana jukumu la kumtunza mzazi, majirani, na yeyote aliyepewa watu wa kuwaongoza.

Jua kwanza kinachogombaniwa

Nikiletewa ugomvi, swali langu la kwanza ni hili: mmoja wa hawa wawili akihamishwa leo, na mtu mwingine akashika nafasi yake, je, ugomvi utaisha?

Wodini kwetu watu wa zamu ya usiku na wa zamu ya asubuhi waligombana muda mrefu juu ya toroli la kufungia vidonda. Wa asubuhi walilikuta tupu, bandeji zimeisha, glavu hakuna, na daktari anakaribia kuanza raundi. Wakawaita wenzao wavivu. Wa usiku nao wakasema wa asubuhi wanapenda kutafutiwa kila kitu. Watu walihamishwa, wakaja wapya, na haukupita muda wapya nao wakawa wanasemana vilevile. Basi tatizo halikuwa tabia ya mtu. Stoo ilikuwa inafungwa jioni kabla zamu ya usiku haijaingia. Saa tisa za usiku hata malaika asingepata pa kuchukua bandeji. Kazi ya kulijaza toroli tukawapa watu wa zamu ya jioni, tukaweka orodha ya vifaa inayotiwa saini wakati wa kukabidhiana, na lawama zikakatika.

Mwanasaikolojia wa Marekani Lee Ross aliandika mwaka 1977 juu ya kosa ambalo binadamu hulirudia kila siku: tunapoeleza alichofanya mwenzetu, tunaipa tabia yake uzito mkubwa mno na mazingira yake uzito mdogo mno. Kwa hiyo kabla hujasema "huyu mvivu" au "huyu ana kiburi", taja mambo matatu katika mazingira yake yanayoweza kuwa yamemfikisha hapo. Ukishindwa kupata hata moja, inawezekana ni tabia. Mara nyingi utalipata.

Tofauti ya pili ni kati ya kubishana juu ya kazi na kubishana juu ya mtu. Mtafiti Karen Jehn aliitenganisha mizozo hii katika utafiti wake wa mwaka 1995 kuhusu vikundi vya kazi. Aliona kwamba kubishana juu ya kazi kunaweza kukisaidia kikundi ambacho kazi yake si ya mazoea, ilhali watu kuchukiana hukidhuru. Tafiti za baadaye ziliongeza tahadhari: faida hiyo hupotea pale ubishi wa kazi unapochanganyika na ubishi wa watu. Nami nimeyashuhudia hayo mara nyingi. Wauguzi wawili wanabishana kama mgonjwa yuko tayari kuanza kutembea baada ya upasuaji. Mpaka hapo mgonjwa anafaidika. Mmoja akisema, "Nyie mliosoma juzi mnajifanya mnajua," mgonjwa ameshasahauliwa. Kiongozi aingie hapo hapo, kwa maneno machache: "La nani alisoma lini tuliache. Turudi kwa mgonjwa. Ni dalili gani inayokufanya useme bado?"

Kabla hujafungua kinywa

Jazba ikipanda, masikio hayafanyi kazi. John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miongo kadhaa katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alikuwa akiwapima mapigo ya moyo wakati wakijadili mambo wanayogombania. Anaeleza kwamba moyo ukishapita takriban mapigo 100 kwa dakika katika mabishano, mtu hawezi tena kumsikiliza mwenzake vizuri, na mwili unahitaji angalau dakika 20 kutulia. Dakika hizo ukizitumia kurudia moyoni maneno uliyoambiwa, utarudi mkali kuliko ulivyoondoka. Tembea, fua nguo, panga mafaili, fanya chochote kinachochukua mikono na macho yako. Na kabla ya kuondoka taja saa ya kurudi: "Hapa nilipo nitasema maneno mabaya. Naomba tuendelee saa kumi." Anayeondoka bila kutaja saa amesusa, na mwenzake atalihesabu hilo kuwa kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Ukishatulia, chukua karatasi uandike mambo matatu. La kwanza ni kilichotokea, kwa maneno ambayo hata unayegombana naye atayakubali. "Makabidhiano yalianza saa mbili na nusu" yanakubalika, "hamjali" halikubaliki. La pili ni hasara iliyopatikana. La tatu ni unachotaka kifanyike kuanzia sasa. Kama la tatu limekushinda kulijaza, hujawa tayari kuzungumza. Ungekwenda kumwaga hasira, na mwenzako angebaki hajui afanye nini hata kama angependa kukuridhisha.

Pima pia kama jambo lenyewe linastahili kikao. Mwaka 1974 Kenneth Thomas na Ralph Kilmann walitoa dodoso linaloonyesha njia tano ambazo watu hukabili mgogoro: kushindana, kushirikiana kutafuta suluhisho, kila upande kupunguza dai lake, kukwepa, na kumwachia mwenzako. Hakuna hata moja iliyo mbaya wakati wote. Mgonjwa akianza kuvuja damu ghafla, mimi natoa amri na inafuatwa, ubishi utasubiri. Jirani akipiga muziki usiku mmoja wa sherehe yake, namwachia. Kipimo changu cha kukwepa ni rahisi: kama wiki ijayo bado nitakuwa nalifikiria, basi sharti nilisemee sasa.

Maneno ya kwanza

Mwaka 1999 Sybil Carrère na Gottman walichapisha utafiti juu ya wanandoa wapya 124. Walionyesha kwamba dakika tatu za mwanzo za mazungumzo ya ugomvi zilisaidia kubashiri ni ndoa zipi zingevunjika katika miaka sita iliyofuata. Mazungumzo yaliyoanza kwa ukali yaliendelea kwa ukali. Kwa hiyo maneno ya kwanza yaandae, hata kama mengine yote utayasema kadiri yatakavyokuja.

Linganisha. Mmoja anasema: "Nyie wa usiku kila siku mnatuachia mambo nusunusu." Mwingine anasema: "Dada, nina jambo la makabidhiano ya leo. Dawa ya saa kumi na mbili ya kitanda namba nne haikuandikwa kwenye faili, nikahangaika nusu saa kujua kama alipewa au hakupewa. Naomba tuelewane namna ya kuandika kabla mtu hajaondoka." Wa kwanza atajibiwa juu ya "kila siku". Mwenzake atakumbuka siku moja aliyoacha kila kitu sawa, ataitaja, na mazungumzo yote yataishia kwenye kuhesabu siku. Wa pili atajibiwa juu ya faili.

Kwa mtu anayekuzidi umri, kama mama mkwe au kaka mkubwa, anza kwa kuomba nafasi: "Mama, shikamoo. Nina jambo ningependa tuzungumze ukipata nafasi." Atajiandaa, na hataona amevamiwa. Usilianze jambo hilo mbele za watu, wala usilirushe kwenye kundi la WhatsApp ambako shangazi na binamu watalazimika kuchagua upande. Mafumbo na vijembe viache kabisa. Aliyerushiwa kijembe hana hoja ya kujibu, maana hakuna hoja iliyotajwa. Kilichobaki kwake ni kurudisha cha kwake.

Na dharau. Katika mambo yote aliyoyachunguza, Gottman anasema dharau ndiyo dalili kubwa kuliko zote ya ndoa inayoelekea kuvunjika. Mimi naiogopa kazini vilevile. Kufyonza, kubetua midomo, kumwigiza mwenzako sauti, kucheka anapoeleza: mambo haya humfanya mtu asahau kabisa kilichokuwa kinajadiliwa. Nikimwona mtu akifanya hivyo kikaoni nasimamisha kikao, nazungumza naye pembeni, na hatuendelei mpaka aache.

Nyuma ya dai kuna haja

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wengi wanapopapita haraka.

Mary Parker Follett, Mmarekani aliyezaliwa 1868 na kufa 1933, alifanya kazi ya vituo vya jamii mjini Boston kabla ya kuanza kuwahutubia viongozi wa biashara. Mwaka 1925 alitoa mhadhara mjini New York akieleza kwamba mgogoro unaweza kujenga, na kwamba kuna njia kuu tatu za kuumaliza: upande mmoja kuutawala mwingine, pande zote mbili kupunguza madai, au kutafuta njia inayotimiza wanachokihitaji wote wawili. Alitoa mfano mdogo uliomtokea yeye mwenyewe katika maktaba ya Harvard. Mtu mmoja alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka libaki limefungwa. Wakafungua dirisha la chumba cha pili ambacho hakikuwa na mtu. Yule alichohitaji ni hewa. Follett alichokataa ni upepo wa kaskazini kumpiga moja kwa moja. Hakuna aliyepunguziwa kitu. Lakini kama wangeendelea kubishana juu ya dirisha lile moja, wangebaki na mshindi na mshindwa, au na dirisha lililofunguliwa nusu ambalo halimridhishi yeyote.

Kwetu wauguzi wawili waligombania Jumapili. Kila mmoja alitaka asipangwe zamu Jumapili, na kila mmoja alikuwa na ushahidi kwamba mwenzake amependelewa. Suluhisho linalokuja haraka ni kupokezana, leo wewe kesho mimi, na lingewaumiza wote. Nilimwuliza kila mmoja peke yake: "Ukiipata hiyo Jumapili, itakusaidia nini?" Wa kwanza alikuwa anamuuguza baba yake, na mtu anayemsaidia mchana hupumzika Jumapili, usiku kaka yake huwa nyumbani. Wa pili alikuwa anajiendeleza kimasomo na ana kipindi Jumatatu asubuhi, kwa hiyo alichokiogopa ni kukesha kazini usiku wa kuamkia Jumatatu. Kumbe mmoja alihitaji mchana na mwingine alihitaji usiku. Aliyekuwa na baba mgonjwa akachukua zamu ya usiku ya Jumapili, anayesoma akachukua ya asubuhi inayoisha saa nane mchana. Walikuwa wamelumbana juu ya neno Jumapili pasipo hata mmoja kutaja saa.

Jambo hilohilo lilifanyika kwa nchi nzima. Israeli iliiteka Rasi ya Sinai kutoka Misri mwaka 1967. Tarehe 5 hadi 17 Septemba 1978, Rais Jimmy Carter wa Marekani aliwakutanisha Anwar Sadat wa Misri na Menachem Begin wa Israeli huko Camp David, makazi ya mapumziko ya marais wa Marekani. Ramani yoyote ya kugawana Sinai ilikataliwa. Lakini Misri ilichohitaji ni mamlaka juu ya ardhi yake yote, na Israeli ilichohitaji ni vifaru vya Misri visiwe karibu na mpaka wake. Makubaliano yakawa kwamba Sinai inarudi yote kwa Misri na majeshi yanawekewa mipaka ndani yake. Mkataba ulitiwa saini Machi 1979, na Israeli ikamaliza kuondoka Aprili 1982. Mengine mengi ya eneo lile hayakutatuliwa, ila mkataba huo wa nchi mbili umesimama hadi leo.

Namna ya kuifikia haja ni kuuliza, na namna ya kuuliza ina uzito wake. "Kwa nini unataka hivyo?" humfanya mtu ajitetee. Mimi hutumia maswali haya: "Ukikipata hicho, kitakusaidia nini?" "Katika pendekezo langu, kipi hasa kinakukwaza?" "Tukiendelea hivi tulivyo, unahofia nini kitatokea?" Kisha nanyamaza. Ukimya wa sekunde kadhaa huwa mgumu, lakini jibu la kweli mara nyingi ni la pili, linalokuja baada ya mtu kumaliza jibu aliloliandaa. Nikishalisikia namrudishia kwa maneno yangu, "Nimeelewa kwamba...", na naendelea tu akikubali kwamba ndivyo. Kuelewa haja ya mtu si kukubali dai lake. Wengi wanashindwa kusikiliza kwa sababu wanahofia kwamba kukiri "naona ulivyoumia" ni kusalimu amri.

Si kila ugomvi una dirisha la pili. Kuna nafasi moja ya kwenda masomoni na watu wawili wanaistahili, kuna kiwanja kimoja cha urithi. Hapo acha kutafuta suluhisho la kumridhisha kila mtu, tafuta utaratibu ambao wote wawili watauona wa haki kabla ya kujua unampa nani: vigezo vilivyoandikwa mapema, kura ya siri, kupokezana kwa miaka, au mmoja agawe na mwingine awe wa kwanza kuchagua. Aliyekosa atasikitika, lakini hatakuwa na sababu ya kuchukia.

Ukiwa msuluhishi

Mimi huanza kwa kumsikiliza kila mmoja peke yake, kwa muda mfupi na unaolingana, kisha nawakalisha pamoja. Nawaambia mapema kwamba sitabeba maneno ya mmoja kumpelekea mwingine. Pale Camp David Carter alilazimika kwenda na kurudi, kwa kuwa Sadat na Begin walishindwa kuzungumza ana kwa ana baada ya siku za mwanzo. Alichobeba ni rasimu ya makubaliano, ikisomwa na kurekebishwa na pande zote mbili. Msuluhishi anayebeba "alisema wewe ni..." anachochea.

Wakishakaa, anayeanza ni mwenye cheo kidogo. Nimeona muuguzi mdogo akiwa na hoja nzito, daktari akaanza kuzungumza, na zamu ya yule ikifika anasema tu, "Mimi sina la zaidi." Kila mmoja aseme bila kukatizwa, na kabla ya kujibu arudie alichosikia mpaka mwenzake akubali kwamba ndicho alichosema. Zoezi hili huonekana la kitoto kwa dakika tano za mwanzo. Baada ya hapo hutokea mtu akarudia vizuri, mwenzake akashusha pumzi na kusema, "Ndiyo, hicho hasa," na sauti zote mbili zinashuka.

Kufukua makaburi kuwe na mpaka. Yaliyopita yanaruhusiwa kama yanaonyesha kitu kinachojirudia mpaka leo; mengine yaandikwe pembeni, na yakibaki na uzito yatafutiwe siku yake. Wala usimlazimishe mtu kuomba radhi. Radhi ya kulazimishwa humdhalilisha anayeitoa na haimponyi anayeipokea. Waombe waseme watafanya nini tofauti. Radhi ya kweli ikiwepo itakuja yenyewe, mara nyingi wakiwa wawili tu, wewe haupo.

Ukiwa kiongozi

Kiongozi hufurahi akisikia kikao kimeenda kimya. Mimi kimya hunitia wasiwasi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo cha anga cha Challenger walipinga kisirushwe kwenye baridi kali, kwa hofu kwamba mipira ya kuzibia maungio ya roketi hizo ingeshindwa kazi. Baada ya majadiliano na NASA, shirika la anga la Marekani, wakubwa wao waliugeuza ushauri huo na kutoa kibali. Asubuhi yake chombo kiliharibika sekunde 73 baada ya kuruka na watu saba wakafa. Upinzani ulikuwepo, umesemwa kwa sauti, na ukashughulikiwa kama kikwazo cha kuondolewa.

Linganisha na Rais John Kennedy wa Marekani. Aprili 1961 yeye na washauri wake waliidhinisha uvamizi wa Cuba kwenye Ghuba ya Nguruwe, ambao ulishindwa ndani ya siku chache, na waliokuwa na mashaka hawakuyasema vya kutosha. Oktoba 1962, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa Cuba, alibadili namna ya kujadiliana. Baadhi ya vikao hakuhudhuria ili watu waseme bila kumtazama usoni, na mawazo ya kushambulia mara moja yakapambanishwa kwa siku kadhaa na ya kuzuia meli zinazoelekea Cuba. Vita vya nyuklia havikutokea.

Hayo yanashuka mpaka kwenye kikao cha wodi au cha kamati ya wazazi. Sema mwisho, maana ukisema kwanza wengine watapima maneno yao kwa yako. Usiulize "kuna swali?", uliza "mpango huu ukishindwa mwezi ujao, utakuwa umeshindwa kwa sababu gani?" Mtu akisema jambo lisilokupendeza, mshukuru mbele ya wote, na kikao kinachofuata rudisha jibu: hoja yake mliitumiaje, au mliiacha kwa sababu ipi. Wenzake wanaangalia jambo moja tu, aliyesema ukweli amepatwa na nini.

Na mtu akikujia kumlalamikia mwenzake, muulize, "Umeshamwambia?" Kama bado, msaidie kuandaa maneno yake ya kwanza, akazungumze naye. Ukizoea kupokea mashtaka ya upande mmoja, ofisi yako itageuka kuwa kituo cha umbea, na watu watasahau kuzungumza wenyewe kwa wenyewe.

Ukigombana na anayekuzidi cheo, mambo ni yaleyale ila uyapange kwa uangalifu zaidi. Nenda faraghani, anza na lengo mnalolikubali wote, leta tukio lenye tarehe, na uende na mapendekezo mawili badala ya lalamiko moja. "Sista, wote tunataka dawa zitoke kwa wakati. Wiki hii usiku tulikuwa wawili kwa wagonjwa arobaini, na dawa zilichelewa katika siku mbili. Naona tunaweza kumwongeza mtu mmoja usiku, au kuhamisha usajili wa wagonjwa wapya uende zamu ya jioni." Mkubwa mwenye busara atachagua. Asiye na busara atakuwa amepokea jambo lililoandikwa vizuri, nawe una nakala yake.

Yasiyofaa kusuluhishwa

Kupigwa, kunyanyaswa kingono, wizi, kutishiwa, kumdhuru mgonjwa au mtoto: haya hayana pande mbili za kukalishwa mezani. Kumkalisha aliyedhulumiwa mbele ya aliyemdhulumu ili "wayamalize" ni kumdhulumu mara ya pili, na hilo nimelikataa hata nilipoombwa na watu ninaowaheshimu sana. Kazi yako hapo ni usalama wake kwanza, kisha kuandika kilichotokea, kisha kulipeleka jambo kwa wenye mamlaka kisheria. Mkishakuwa kwenye usuluhishi na ukagundua mmoja anamwogopa mwenzake kweli, anatazama chini kila anapoulizwa na majibu yake yanafuata macho ya yule mwingine, simamisha. Zungumza naye peke yake.

Kufunga makubaliano

"Tumeelewana" haitoshi. Andikeni nani atafanya nini, kuanzia lini, na mtajuaje kwamba limefanyika. Kwenye lile toroli karatasi yetu ilikuwa na mistari mitatu: zamu ya jioni inajaza kabla ya saa mbili usiku, anayepokea anakagua na kutia saini, kikipungua kitu kinaandikwa hapohapo bila kumtaja mtu. Nyumbani si lazima karatasi, ila semeni kwa sauti na kila mmoja arudie sehemu yake.

Yafanyeni makubaliano hayo ya majaribio, ya wiki tatu au mwezi. Mtu anayeambiwa "tujaribu mwezi mmoja" hukubali jambo ambalo angelikataa kama lingekuwa la kudumu, na wote wawili mnabaki na haki ya kulirekebisha bila kuitwa vigeugeu. Wekeni tarehe ya kukutana tena siku hiyohiyo mnapokubaliana. Siku ikifika kutaneni hata kama mambo yanaenda vizuri, na ulizeni matatu: kipi kimefanyika, kipi kimeshindikana, na kuna lipi jipya lililojitokeza ambalo hatukuliona. Kilichoshindikana kwanza kichunguzwe kama kilivyochunguzwa chanzo: inawezekana stoo imebadilisha saa za kufunga. Kama hakuna kilichobadilika na mtu yuleyule amevunja neno lake mara ya pili, muite peke yake, mwonyeshe alichoahidi na alichofanya, na sasa umweleze matokeo yatakayofuata.